Simbilisi wako ana uzito gani? Malisho sahihi na namna ya kumpima

Manyoya ya simbilisi (guinea pig) yanadanganya. Ukimtazama ametulia pembeni mwa banda unamwona kanona, kumbe chini ya manyoya uti wa mgongo umeshaanza kuchomoza. Wengi hugundua siku anapoacha kula, na kwa mnyama mdogo kiasi hiki siku hiyo mara nyingi ni ya kuchelewa. Ndiyo maana nasisitiza vitu viwili kwa pamoja: unachomwekea kila siku, na mkono na mizani vya kukuonyesha kama kinamfaa. Ushauri huu unamlenga anayefuga simbilisi wawili watatu kama vipenzi vya watoto. Lakini hata mwenye kundi linalozunguka jikoni, kama ilivyo katika kaya nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya, utamsaidia, maana tumbo ni lile lile.

Majani kwanza

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya nyasi. Ana meno 20, na yote huendelea kuota maisha yake yote, magego yakiwemo. Kinachoyapunguza ni kusaga majani yenye nyuzi. Akilishwa pumba na mabaki ya ugali peke yake, meno hurefuka, magego ya chini huinamia ulimi, mate yanamlowesha kidevu na anashindwa kutafuna. Mfugaji atakuambia "hataki kula", wakati mnyama anakimbilia chakula kila kinapoletwa, anakinusa, anakidondosha. Njaa anayo, meno ndiyo yanayomzuia.

Utumbo wake nao hautakiwi kukaa mtupu. Anakula kidogo kidogo mchana na usiku, na nyasi zikikosekana kwa muda mrefu utumbo hulegea na gesi hujaa. Kwa hiyo nyasi ziwepo bandani saa zote, ziwe mbichi au hei, yaani nyasi zilizokaushwa, na ziwe sehemu kubwa kabisa ya anachokula. Ukoka ni mzuri. Mabingobingo machanga pia, yakikatwa kabla shina halijawa gumu. Usikate kando ya barabara wala kwenye shamba lililopuliziwa dawa. Majani yaliyorundikwa mpaka yakapata joto hayafai, hata kama yangali ya kijani.

Anayeishi Nyanda za Juu Kusini aandae hei mwezi wa 5, mvua zinapokwisha na nyasi hazijawa mabua. Anika penye upepo na kivuli, geuza, kisha hifadhi mahali pakavu. Hei nzuri hubaki na ukijani na hunukia. Ikiwa na vumbi la ukungu, itupe. Tahadhari hiyo hiyo ihusu pumba za mahindi: simbilisi huathirika upesi na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na pumba zilizoota ukungu zinaweza kumaliza banda zima.

Lusina, inayosifiwa kwa mbuzi na ng'ombe, isiwe chakula chake cha kila siku. Ina mimosini, kemikali ambayo kwa wanyama wasiocheua hupukutisha manyoya.

Vitamini C haingoji

Hapa ndipo simbilisi anapoachana na sungura. Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C. Wa simbilisi hauwezi, sawasawa na mwili wa binadamu. Mkubwa anahitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na mwenye mimba au anayekua huhitaji zaidi, hata miligramu 30. Chakula cha sungura cha dukani hakitoshi, kwa kuwa hakikutengenezwa kwa hitaji hilo. Hei nayo haina cha kutegemea, kwani vitamini hiyo hupotea majani yanapokauka.

Ndiyo maana tatizo hili hujitokeza sana kiangazi. Majani ya kijani yamepungua, mnyama anaishi kwa nyasi kavu na pumba, na baada ya wiki chache anaacha kurukaruka. Anakaa amejikunyata, ukimshika magoti analia, viungo vimevimba, manyoya yamesimama na vidonda haviponi. Nyumbani watasema amekanyagwa, kumbe ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Akiwahiwa hupona, akiachwa hufa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kipande cha pilipili hoho chenye ukubwa wa kidole gumba, takriban gramu 15, kinamtosha simbilisi mkubwa kwa siku nzima. Majani ya sukuma wiki yana vitamini C nyingi vilevile, na wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wanayapata kiangazi chote. Pera ni tajiri kuliko vyote hivi, ila lina sukari, kwa hiyo kipande kidogo kwa siku kadhaa za wiki kinatosha. Kila kitu kiwe kibichi, maana moto huiharibu vitamini hii. Vidonge vya vitamini C visiyeyushwe kwenye maji ya kunywa: nguvu yake hupungua upesi, ladha ya maji hubadilika, na mnyama anaweza kuacha kunywa.

Mchicha na spinachi mpe mara chache na kwa kiasi kidogo, kwani hulimbikiza chumvi zinazoleta mawe ya kibofu. Karoti ni tamu, watoto hupenda kumpa, lakini haichukui nafasi ya hoho. Kabichi nyingi humjaza gesi.

Sasa sikiliza hili, hasa wa Njombe na Rungwe, kwa sababu vinavyomuua vimejaa majumbani mwenu. Parachichi ni sumu kwake: tunda, maganda na majani. Majani ya viazi mviringo ni sumu, na viazi vyenyewe vikiwa na rangi ya kijani au vimechipua ni sumu vilevile. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hayana shida, na mtoto anayetumwa shambani aonyeshwe tofauti kwa macho yake kabla ya kukata. Kisamvu kibichi, majani ya nyanya, vitunguu maji na vitunguu saumu navyo asipewe.

Mkate, biskuti, chipsi na maziwa si chakula chake. Maji safi yawepo kila siku hata anapokula majani mabichi.

Mkono kwanza, kisha mizani

Mweke mapajani juu ya kitambaa. Tumia ncha za vidole, si kiganja, na anzia mbavu. Mnyama mwenye afya mbavu zake zinahisika ukibonyeza kidogo, zikiwa zimefunikwa na nyama nyembamba, kama unavyohisi vifundo vya vidole vyako kupitia soksi. Pitisha kidole juu ya uti wa mgongo mpaka nyongani. Ukiweza kuhesabu pingili bila kubonyeza, na mifupa ya nyonga imechongoka, amekonda. Ukibonyeza usipate mbavu, tumbo linakaribia kuburuza chini na kidevu kina mkunjo wa mafuta, amezidi.

Kisha mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Weka bakuli lenye kitambaa, irudishe mizani kwenye sifuri, mweke mnyama na kipande cha hoho atulie, soma gramu, andika. Fanya hivyo kila wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kumpa majani mapya, kwa sababu tumbo lililojaa linaongeza gramu nyingi.

Vitabu vingi hutaja gramu 700 hadi 900 kwa jike mkubwa, na 900 hadi 1,200 kwa dume. Takwimu hizo ni za aina zilizozalishwa ziwe kubwa. Simbilisi wetu wa kienyeji mara nyingi ni wadogo, na mwenye gramu 600 anaweza kuwa mzima kabisa. Kwa maoni yangu, namba ya kitabuni isikusumbue sana. Namba ya kuifuatilia ni yake mwenyewe ya wiki iliyopita. Mkubwa akipungua gramu 20 au 30, mpime tena baada ya siku mbili. Akipoteza sehemu ya 10 ya uzito wake, yaani gramu 80 kwa mwenye gramu 800, apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo hata kama bado anakula. Mtoto anayekua lazima aongezeke kila wiki. Akisimama pale pale, tafuta sababu, na mara nyingi utakuta wakubwa wanamsukuma kwenye chakula.

Aliyenenepa kupita kiasi asifungiwe chakula. Njaa ya ghafla humharibu ini, na kwa jike mnene mwenye mimba inaweza kumuua ndani ya siku chache. Punguza chakula cha dukani, pumba na matunda, nyasi zibaki tele, na mpe nafasi ya kukimbia. Apungue taratibu.

Akiacha kula

Kutokula kwa saa 12 ni dharura. Usisubiri kesho kutwa, na usiende duka la dawa kununua amoksilini. Penisilini na amoksilini za kumeza huua bakteria wazuri wa utumbo wake, na wengi waliokufa "baada ya matibabu" walikufa kwa dawa hizo. Ukifika kwa daktari wa mifugo, taja mapema kwamba mgonjwa ni simbilisi na si sungura, na mpe daftari lako la uzito: dozi yake hupigwa kwa gramu.