Namna ya Kuandika Historia ya Parokia kwa Ajili ya Misa ya Shukrani

Jubilei ya parokia inapokaribia, vikao huanza na sare za kitenge na idadi ya wageni, na historia huachiwa mtu mmoja aiandike usiku wa kuamkia sherehe. Ndiyo maana nyingi huwa orodha ya maparoko na mwaka wa kuezeka paa. Ikiwa Halmashauri ya Walei imekukabidhi kazi hii, Unguja au Pemba, omba miezi sita.

Anza na vitabu kabla hujamhoji mtu. Kila parokia hutakiwa kutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa baadaye kipaimara na ndoa yake. Mwombe paroko ruhusa, akusomee palipoandikwa Kilatini, wala usipige picha kurasa hizo. Tazama hasa majina ya wasimamizi: mtu aliyesimamia ubatizo wa watoto wengi yaelekea alikuwa katekista au mlezi wa kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, hata kama leo hakuna anayemkumbuka. Usipopata barua za zamani, kumbuka kwamba kuanzia 1955 hadi 1964 visiwa vilikuwa ndani ya Jimbo la Mombasa na Zanzibar, na Jimbo la Zanzibar likaundwa 1980. Basi uliza na Mombasa.

Wazee ndio kazi kubwa. Nenda nyumbani kwao, amkia, keti, na usitoe simu ya kurekodia kabla hujaruhusiwa. Ukimwuliza bibi wa miaka themanini historia ya parokia atakutajia maaskofu. Muulize badala yake nani alipiga kengele, maji ya ujenzi yalichotwa kisima gani, padre alilala kwa nani alipofika kigangoni. Miaka hataitaja. Atasema kabla ya Mapinduzi, au mwaka aliouawa Mzee Karume, au Misa ilipoacha Kilatini, nawe uandike kabla ya 1964, au 1972, au miaka ya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Akisema msimu mkubwa wa karafuu, mwombe tukio jingine, kwani misimu mikubwa ilikuwa mingi.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni habari za utumwa. Wamisionari waliofika kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860, na Shirika la Roho Mtakatifu lililowapokea kazi 1863, waliwalea watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1868 misheni ikavuka hadi Bagamoyo. Liandike jambo hilo wazi, lakini usitaje ukoo wowote ulio hai kuwa ni uzao wao, hata ukiwa umeliona kitabuni. Wala usichanganye makanisa: lililojengwa penye soko la watumwa ni la Waanglikana, Mkunazini, si Minara Miwili, kanisa kuu letu Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu. Kosa hili nimelisikia likisomwa mbele ya altare, na waliojua walitazama chini.

Katika sehemu ya shukrani, kila jina lifuatwe na tendo. Kusema tunawashukuru wote ni kutomshukuru yeyote. Wataje Wagoa waliosali na kuimba Minara Miwili kwa vizazi, wafanyakazi waliotoka Bara, akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na vilevile majirani Waislamu: fundi aliyepaua, mama aliyetoa maji ya kisima chake. Ukiwataja, waalike, na ukiwaalika, mchinjaji awe Mwislamu na tarehe isiangukie Ramadhani, maana utaalika watu waliofunga.

Rasimu isomwe kwanza katika jumuiya ndogo ndogo, si kamati peke yake, kwa kuwa huko ndiko utakakoambiwa kwamba kengele haikupigwa na yule uliyemwandika bali na mdogo wake. Siku ya Misa, soma dakika kumi tu, baada ya komunyo, na kitabu kizima kigawiwe nje. Nakala moja ipelekwe jimboni, nyingine iwekwe sakristia kabatini, mbali na ukuta unaopata unyevu wa bahari.