Kachumbari kwanza, kuku baadaye

Kuku anayerukaruka kizimbani pale soko la Burma, Nairobi, macho maangavu, upanga mwekundu, haonyeshi alichobeba tumboni. Kampilobakta, bakteria wa kuharisha watu, huishi kwenye utumbo wake bila kumdhuru. Joto la mwili wa kuku, nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, ndilo hasa linalokifaa kimelea hicho. Salmonela, bakteria mwingine wa namna hiyo, nayo hukaa humo huku kuku akila na kutaga kama kawaida. Wengi huamini kienyeji ni salama kuliko broila. Hapa hawana tofauti: kila kuku mbichi mhesabu kuwa anavyo.

Vimelea hutoka utumboni na kufika kwenye ngozi wakati wa kuchinja. Kuku mmoja baada ya mwingine hutumbukizwa kwenye sufuria lile lile la maji moto kabla ya kunyonyolewa, na kila mmoja huacha kinyesi chake humo. Maji yakishakuwa kahawia, omba yabadilishwe. Mwombe pia mchinjaji autoe utumbo mzima bila kuupasua. Ukichinja nyumbani, mnyime kuku chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla, maji umwachie, ili utumbo uwe mtupu.

Mnunue mwisho, baada ya shughuli zote za mjini. Mfunge kwenye mifuko miwili, mbali na sukuma wiki. Msongamano wa jioni ukikukamata ndani ya matatu, muda wa saa mbili, ambao nyama isiupite bila baridi, huisha hujafika nyumbani.

Jikoni, mpangilio wa kazi ndio kila kitu. Kuku aliyechemka vizuri kwenye sufuria ni nadra kumwangusha mtu. Kinachoangusha ni nyanya na dhania zilizokatwa kwenye ubao uliotoka kukatia kuku, kwa kuwa kachumbari haipiti motoni. Basi katakata kachumbari kwanza, ifunike, iweke pembeni. Ndipo umtoe kuku mfukoni.

Kumwosha? Kuku aliyesafishwa tayari hahitaji. Ndimu na chumvi huondoa shombo, haziui vimelea. Akiwa na damu na vinyoya, mtie kwenye beseni lenye maji kidogo, umpanguse polepole. Usimweke chini ya mfereji: matone huruka hadi kwenye vikombe vinavyokauka kando. Maji hayo yamwage chooni. Kisha osha beseni, kisu, ubao na mfereji wenyewe (uliushika kwa mikono ile ile) kwa sabuni na maji moto, halafu paka maji yenye Jik (dawa ya klorini): kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, uache dakika kadhaa. Sabuni itangulie, maana klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu.

Nyama iive hadi nyuzi 74 katikati. Huna kipimajoto? Choma kisu pale paja linapoungana na mwili: majimaji yatoke meupe na nyama iachane na mfupa. Rangi peke yake hudanganya, kwani broila mchanga huweza kuwa mwekundu karibu na mfupa hata akiwa ameiva. Hatari kubwa iko kwenye kukaanga vipande vilivyoganda: nje vinakauka, ndani bado baridi. Viyeyushe usiku kucha kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli. Maini nayo, wengi huyapenda yakiwa laini katikati. Kampilobakta huweza kuwa ndani kabisa ya ini, kwa hiyo yaive yote.

Mabaki yaingie friji kabla ya muda wa saa mbili kwisha, kwenye vyombo vya kina kifupi, kwa sababu sufuria lililojaa mchuzi hubaki vuguvugu katikati usiku mzima. Stima ikipotea, usifungue friji. Ikifungwa hushika baridi kwa muda wa kama saa nne. Kesho yake mchuzi uchemke kwa mapovu, si kupashwa tu.

Tumbo likivurugika, usimlaumu upesi mwenye kibanda wa jana: tangu kula hadi kuugua, kwa kawaida salmonela huchukua saa 6 hadi siku 3, kampilobakta siku 2 hadi 5. Kunywa maji ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini). Ukiona damu kwenye choo, au mgonjwa ni mtoto mdogo, nenda kliniki badala ya kujinunulia antibiotiki kwenye duka la dawa.