Tazama mji jua likiwa mgongoni

Kabla ya kutembea katika njia ya msitu wa mjini yenye mahali pa kutazamia mandhari, angalia kwenye ramani mahali hapo panaelekea upande gani, kisha upange kufika jua likiwa mgongoni mwako: asubuhi ikiwa panatazama magharibi, alasiri ikiwa panatazama mashariki. Ukitazama upande liliko jua, vumbi na unyevu wa hewani hung'aa na kuwa kama pazia jeupe, huku majengo yakikuonyesha ubavu wake wenye kivuli. Jua likiwa nyuma yako, hata madirisha na mabati ya mbali huonekana waziwazi. Mbinu hii haisaidii saa sita mchana jua likiwa utosini, wala siku ya mawingu mazito, moshi au ukungu usiotaka kuondoka. Kwa anayechagua alasiri lipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko picha yoyote: chini ya miti giza huingia mapema kuliko mahali pa wazi, hivyo hesabu muda wa kurudi ili uwe umetoka msituni kabla jua halijazama, hasa pale njia inapokuwa na mizizi na mawe yaliyolegea.