Kuchagua Kapasita na Kujikinga na Umeme Unapounda Pawa Saplai za Kuswichi

Pawa saplai ya kuswichi, yaani ile inayobadili volti kwa kuwasha na kuzima transista kwa kasi kubwa, ikiwa imekufa ni ya kuogopwa kuliko inayofanya kazi. Inayofanya kazi, ukiichomoa ukutani, mzigo wake hunyonya chaji iliyobaki katika kapasita kubwa ya upande wa praimari (ule unaopokea umeme wa ukutani) ndani ya muda mfupi. Iliyokufa, hasa ile ambayo rezista yake ya kuwashia imekatika, haina kitu cha kuinyonya, na chaji hubaki mahali pake ikisubiri kidole. Niliwahi kuchomoa bodi ya namna hiyo nikaiacha mezani kwa saa mbili, na nilipoweka mita kwenye miguu ya kapasita nikasoma volti 287. Namba zilikuwa zikishuka taratibu, volti moja kila baada ya sekunde tatu au nne, kwa kuwa kilichokuwa kikinyonya chaji wakati huo kilikuwa mita yenyewe, yenye ukinzani wa megaohmu 10.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu sifa mbili tunazozitafuta katika kapasita, yaani kuhifadhi chaji nyingi na kuitoa kwa kasi, ndizo hizo hizo zinazoweza kumuua fundi. Anayechagua kapasita anachagua pia hatari atakayokaa nayo mezani, na ni vizuri aijue kabla hajashika solda.

Kapasita kubwa ya upande wa praimari

Umeme wa volti 230 wa mkondo geu, ukishapita kwenye daraja la dayodi, huijaza kapasita hadi kilele chake, ambacho ni volti 325 hivi. Umeme wa mtandao ukipanda hadi volti 264, kilele hufika volti 373. Kwa hiyo kapasita ya volti 400 ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, na mimi hupendelea ya volti 450, kwa kuwa tofauti ya ukubwa ni ndogo na nafasi ya usalama ni pana zaidi. Pawa saplai yenye hatua ya kusahihisha kipengele cha nguvu (PFC) hushikilia volti 390 hivi muda wote, na hapo ya volti 450 si suala la kupenda tena.

Kuhusu ujazo, kanuni ya mafundi ni mikrofaradi 1 kwa kila wati ya kutoka ikiwa pawa saplai itatumika kwenye volti 230 peke yake, na mikrofaradi 2 hadi 3 kwa kila wati ikiwa inapaswa kupokea kuanzia volti 85 hadi 265. Pawa saplai ya wati 60 ya aina hii ya pili itatosheka na mikrofaradi 150. Kuzidisha ujazo bila sababu kuna gharama yake: wakati wa kuwasha, kapasita tupu huwa sawa na shoti kwa muda mfupi, na mkondo huo wa ghafla huchosha dayodi, swichi na fyuzi, ndiyo maana tunatanguliza thamista ambayo ukinzani wake hupungua inapopata joto.

Jambo linaloamua maisha ya kapasita hii ni joto. Kapasita ya elektroliti ina majimaji ndani yake, na majimaji hayo hukauka. Kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi unazopunguza, maisha yake huongezeka takriban maradufu. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 5,000 kwa nyuzi 105: ikifanya kazi kwenye nyuzi 75 utatarajia saa 40,000, ambazo ni kama miaka minne na nusu ya kuwaka bila kuzimwa, lakini ukiibananisha na hitisinki (chuma cha kupozea) ya transista ikafika nyuzi 95, utabaki na saa 10,000 tu. Ukiona kapasita mbili za ujazo mmoja, moja ya nyuzi 85 na nyingine ya nyuzi 105, chukua ya nyuzi 105 bila kusita, kisha uipe nafasi kwenye bodi: isimame mbali na transfoma na hitisinki, na juu ya kichwa chake ibaki milimita 3 au zaidi, kwa sababu ile michoro iliyokatwa kichwani ni mahali pa kupasukia gesi ikizidi ndani, na ikizibwa gesi hutafuta njia nyingine.

Kapasita za upande wa kutokea

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa kuangalia mikrofaradi na volti wakasahau ukinzani wa ndani, ule unaoandikwa ESR katika karatasi za vipimo za watengenezaji. Tuseme tunaunda pawa saplai ya aina ya flaibaki, ambayo transfoma yake huhifadhi nishati kisha kuitoa sekondari (upande wa kutokea), ya volti 12 na ampea 3, inayoswichi mara 65,000 kwa sekunde. Mkondo kutoka sekondari ya transfoma hauji kama mto bali kama mapigo, na kilele cha kila pigo kinaweza kufika ampea 10. Kati ya pigo na pigo, kwa takriban mikrosekunde 9, kapasita ndiyo inayolisha mzigo. Kapasita ya mikrofaradi 1,000, kwa kuangalia ujazo peke yake, itashuka milivolti 27 tu katika muda huo, na mtu ataridhika. Lakini ikiwa ukinzani wake wa ndani ni ohmu 0.04, zile ampea 10 zinapogonga zitazaa milivolti 400 za viwimbi, yaani kupanda na kushuka kwa volti za kutokea, karibu mara 15 ya hesabu ya kwanza. Kuongeza mikrofaradi bila kupunguza ESR hakutakusaidia hapo.

Ukinzani huo huo ndio unaoipasha kapasita joto. Katika mfano wetu, mkondo wa viwimbi unaoingia na kutoka ndani ya kapasita ni kama ampea 3.3 kwa thamani fanisi (RMS), na ukiuzidisha kwa wenyewe kisha kwa ohmu 0.04 unapata wati 0.44 ndani ya kopo dogo lisilo na hitisinki. Weka kapasita mbili zinazofanana sambamba na kila moja itabeba nusu ya mkondo, kwa hiyo joto la kila moja hushuka hadi wati 0.11, robo ya lile la kwanza. Ndiyo maana mimi huweka mbili au tatu za wastani badala ya moja kubwa, nikahakikisha kuwa njia za shaba kutoka transfoma hadi kila kapasita zina urefu unaokaribiana, la sivyo iliyo karibu zaidi itabeba mzigo wa wenzake na itakufa mapema. Karatasi ya vipimo hutaja mkondo wa viwimbi unaoruhusiwa na masafa ulikopimwa. Kwa upande wa kutokea soma safu ya kilohezi 100, si ya hezi 120.

Kapasita za polima zina ESR ndogo sana na hazikauki kama za elektroliti ya majimaji, nami huzipenda, ila usiziweke mahali pa za kawaida katika saketi iliyokwisha sanifiwa bila kupima upya uthabiti wake, kwa kuwa baadhi ya saketi za udhibiti hutegemea ESR ya kapasita ya kutokea ili zisianze kuyumba.

Za seramiki ni bora kwa kuzima kelele za masafa ya juu, lakini namba iliyoandikwa juu yake si ahadi. Aina za X5R na X7R hupoteza ujazo zinapowekewa volti za mkondo mnyoofu, na ndogo ya mikrofaradi 22 ya volti 16 inaweza kubaki na chini ya nusu ya ujazo wake ikiwa kwenye volti 12. Y5V ziache kabisa katika kazi hii. C0G haina tatizo hilo, ingawa hupatikana kwa ujazo mdogo tu, na mahali pake ni kwenye saketi za muda na udhibiti. Usiziweke za seramiki karibu na ukingo wa bodi au tundu la skrubu, kwa maana bodi ikipindika hupasuka, na ufa huo mara nyingi huishia kuwa shoti. Tantalamu nayo hufa kwa shoti na inaweza kuwaka moto. Ukilazimika kuitumia, isipite nusu ya volti zake. Angalia pia mstari wake: kwenye kopo la elektroliti mstari huonyesha mguu hasi, lakini kwenye tantalamu ya kubandika juu ya bodi mstari huonyesha upande chanya.

Kapasita za X na Y

Hizi hazibadilishwi kwa kubahatisha. Ya X hukaa kati ya laini na nyutro, na imeundwa ili ikiharibika isiwashe moto. Ya Y hukaa kati ya umeme wa mtandao na ethi (waya wa ardhini), au kati ya praimari na sekondari, na imeundwa ili ikiharibika isiwe shoti, kwa sababu ikiwa shoti umeme wa ukutani unahamia kwenye waya anaoushika mtumiaji. Kiwango cha IEC 60384-14 ndicho kinachozitawala: X2 hujaribiwa kwa mapigo ya kilovolti 2.5, Y2 kwa kilovolti 5, na Y1 kwa kilovolti 8. Nimeona bodi zilizotengenezwa upya ambamo Y ya nanofaradi 2.2 imebadilishwa na seramiki ya kawaida ya kilovolti 1 yenye ujazo huo huo. Itafanya kazi, hakuna atakayejua, na huo ndio ubaya wake. Nanofaradi 2.2 hupitisha milliampea 0.16 kwa volti 230 na hezi 50, kiasi cha mtekenyo kidoleni pale ambapo hakuna ethi. Ukiongeza ujazo ili kupunguza kelele, unaongeza pia mkondo huo.

Sambamba na X weka rezista ya kuinyonya. Kwa mikrofaradi 0.47, megaohmu 1 hupunguza volti hadi karibu theluthi moja ndani ya nusu sekunde, hivyo anayegusa pini za plagi aliyoichomoa hapati mshtuko.

Kunyonya chaji kabla ya kugusa

Kapasita ya mikrofaradi 220 yenye volti 325 ina jouli 11.6. Usiitoe kwa kugusisha bisibisi: cheche huyeyusha chuma, humrushia fundi vipande machoni na huweza kuharibu kapasita yenyewe. Tengeneza kifaa chako: rezista ya waya ya kiloohmu 4.7 na wati 10, nyaya mbili zenye mpira wa kuhimili volti 600, na vibanio vya mamba vilivyofunikwa. Kwa kapasita hiyo, sekunde 5 huishusha hadi volti 2.6 hivi.

Utaratibu wangu haubadiliki. Nachomoa plagi na kuiweka mahali ninapoiona. Naijaribu mita kwenye chanzo ninachokijua kuwa kina umeme, kwa sababu mita mbovu husoma sifuri kwa uaminifu ule ule wa mita nzima. Nabana nyaya za mita kwenye miguu ya kapasita kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mbali na meza, kisha nabana rezista na kutazama namba zikianguka. Zikifika sifuri naondoa rezista, nangoja dakika moja, napima tena, kwa kuwa kapasita iliyotolewa chaji hurudisha volti chache yenyewe. Nikiwa na kazi ndefu naiacha rezista imebanwa, na plagi naifunga kitambaa chekundu ili nisiiwashe nikiwa nimeisahau, kwa sababu kwa volti 325 rezista hiyo ingebeba wati 22 na kuungua.

Katika pawa saplai unayoiunda mwenyewe, weka rezista mbili za kiloohmu 220 mfululizo sambamba na kapasita kubwa. Zinatumia wati 0.24 tu kwa jumla, na huimaliza mikrofaradi 150 kwa dakika tano na nusu hivi. Ni mbili kwa sababu rezista ndogo nyingi haziruhusiwi kubeba volti 325 peke yake. Pamoja na hayo, pima kila mara; rezista hizo nazo hukatika.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Weka balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60, mfululizo na laini. Ikimulika kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita imejaa na saketi inapumua. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti, na balbu imekuokolea transista. Usiongeze mzigo mkubwa balbu ikiwa bado ipo, kwani pawa saplai itazima na kuwaka mfululizo bila kuwa na kosa. Vaa miwani ya kinga, na ifunike bodi kwa boksi la plastiki angavu, kwa kuwa kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa miguu hupasuka baada ya sekunde kadhaa, wakati ambao wengi huwa wameinama kuitazama.

Osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya volti, ndiyo huleta ajali kubwa zaidi. Kibanio cha probu yake kimeungwa na ethi, na ukikibana upande hasi wa kapasita kubwa unaunda shoti kupitia daraja la dayodi. Wapo wanaokata ethi ya osiloskopu ili kuepuka hilo. Wanachopata ni kifaa ambacho mwili wake wote wa chuma una umeme wa mtandao. Kinachotakiwa ni transfoma ya kutenganisha iliyowekwa kwenye pawa saplai inayopimwa, au probu ya tofauti, inayopima kati ya nukta mbili bila kuunga yoyote na ethi. Transfoma ya kurekebisha volti yenye koili moja haitenganishi chochote. Ukishatenganisha, kumbuka kwamba swichi ya kinga dhidi ya mkondo unaovuja haitakuokoa tena ukigusa nukta mbili kwa pamoja. Hitisinki ya transista nayo usiishike ikiwa na umeme, kwa maana katika bodi nyingi imeungwa na praimari.

Ikishafanya kazi kwa mzigo kamili kwa saa moja, soma joto la kila kapasita kwa kipimajoto kisichogusa. Makopo yanayong'aa humdanganya mpimaji, kwa hiyo elekeza kwenye ganda la plastiki au ubandike kipande cha tepu nyeusi. Ya kutokea ikizidi nyuzi 80, chomoa, nyonya chaji, pima, kisha rudi kwenye hesabu ya mkondo wa viwimbi kabla ya kufunga boksi.