Kupanga blitzi ya wavamizi watano: anza na ukuta wa kotabeki

Katika futiboli ya Kimarekani, makocha wengi huanza kuchora blitzi, yaani kutuma walinzi wa ziada kumvamia kotabeki (mrushaji wa pasi), kwa kujiuliza wamtume nani. Jiulize kwanza wapinzani wanamkinga kotabeki wao namna gani. Ukuta, yaani mstari wa wakingaji mbele yake, una watu 5, na wakiongeza mkimbiaji (anayesimama karibu na kotabeki) na taitendi (mpokeaji anayesimama jirani na ukuta) wanafika 7. Kwa idadi huwawezi bila kuacha wapokeaji huru nyuma. Unachoweza ni kurundika watu mahali ambapo wakingaji hawatoshi, huku wakingaji wengine wakisubiri upande wa pili bila mvamizi wa kumzuia.

Blitzi tunayoijenga hapa ni ya wavamizi 5, watu 3 wanaokaba kanda fupi (maeneo ya karibu na ukuta) na 3 wanaokaba nyuma kabisa. Mtindo huu ulikuzwa na kocha Dick LeBeau akiwa timu ya Cincinnati Bengals miaka ya 1980, na baadaye ukaitambulisha timu ya Pittsburgh Steelers. Itumie jaribio la tatu (kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) likiwa limebakiza yadi 6 hadi 9, pale kotabeki anapohitaji muda ili njia za wapokeaji zifunguke. Yakibaki yadi 2, pasi fupi inamtosha, nawe umetoa mlinzi bure.

Kulia na kushoto kote humu ni kwa jinsi kotabeki anavyotazama.

Hatua ya 1: Soma ukuta

Chukua video za michezo yao ya karibuni, utenge majaribio ya tatu peke yake. Katika kila jaribio andika mambo mawili: mkimbiaji amesimama upande gani wa kotabeki, na senta (mkingaji wa katikati ya ukuta, anayempa kotabeki mpira) amegeukia wapi mpira ulipoondoka mikononi mwake. Mara nyingi utaona senta anageukia upande usio na mkimbiaji.

Tuseme kotabeki yuko yadi 5 nyuma ya senta, mkimbiaji yuko kushoto kwake, taitendi yuko kulia. Senta, gadi wa kulia (aliye kando ya senta) na mkingaji wa nje wa kulia (aliye mwisho wa ukuta) wanasogea pamoja kulia, kila mmoja akilinda mwanya wake. Kushoto, gadi na mkingaji wa nje wanashika walinzi wawili walio mbele yao. Mkimbiaji anamchukua anayebaki, akitazama ndani kwanza, kisha nje. Mpangilio huo wa macho yake ndio tutakaoutumia.

Hatua ya 2: Gawa mianya

Kati ya senta na gadi ni mwanya A, kati ya gadi na mkingaji wa nje ni B, na nje yake ni C. Una walinzi 4 wa mstari (wawili wa ndani, wawili wa ukingoni), lainibeka 2 wanaosimama nyuma yao, na mabeki 5 (wawili wa pembeni, wawili wa nyuma na wa tano). Wavamizi ni hawa:

- Mlinzi wa ndani wa kushoto anapiga bega la nje la gadi na kubaki B.
- Mlinzi wa ukingoni wa kushoto anamvaa mkingaji wa nje kifuani, kisha anakata ndani ili amgeuze.
- Lainibeka wa kushoto anapita mwanya A.
- Beki wa tano, yule anayemkaba mpokeaji wa ndani, anakuja nje kabisa kupitia C.
- Mlinzi wa ndani wa kulia anapiga mwanya A wa kulia ili senta asirudi kushoto kusaidia.

Sasa hesabu kushoto: wavamizi 4, wakingaji 3. Mkimbiaji anatazama ndani, anamwona lainibeka, anamfuata. Beki wa tano anabaki huru, na kama kotabeki anatumia mkono wa kulia, huo ni upande wa mgongo wake.

Lainibeka asitangulie. Akiingia kabla walinzi wa mstari hawajagusana na ukuta, gadi ana nafasi ya kumwachia mwenzake mlinzi na kumdaka yeye. Aingie nyuma tu ya mlinzi wa ndani, kwa kasi yake yote.

Beki wa tano alenge bega la kotabeki lililo karibu naye na abaki nje yake. Akikata ndani kutafuta njia fupi, kotabeki anatoka kushoto na hakuna wa kumzuia. Kulia pia kuna tundu: tumemwondoa mlinzi wa ukingoni wa huko ili akabe (Hatua ya 3). Kwa hiyo mlinzi wa ndani wa kulia, akishamshika senta, ana kazi ya pili ya kutoka nje kotabeki akikimbilia huko.

Hatua ya 3: Funga pasi ya haraka

Kotabeki mzuri akimwona beki wa tano anakuja, anautupa mpira alikotoka beki huyo. Beki wa nyuma wa kushoto ndiye anayeshuka kuziba pengo hilo. Mpira unapochezwa awe yadi 7 au 8 kutoka mstari wa kuanzia mpira. Akiwa yadi 12 anachelewa, na pasi ya yadi 5 inageuka kuwa ya 15. Ikipigwa mbele yake, amwangushe mpokeaji papo hapo, kwani yadi 4 kwenye jaribio la tatu na yadi 7 ni ushindi wako.

Lainibeka wa pili anabaki katikati. Mlinzi wa ukingoni wa kulia anapiga hatua moja mbele, anamsukuma mkingaji wa nje kwa mikono miwili, kisha anarudi nyuma kukaba kanda ya taitendi. Msukumo huo usirukwe, kwa sababu bila huo mkingaji anajua mapema kuwa hana mtu na anakwenda kusaidia. Mabeki wa pembeni wawili na beki wa nyuma aliyebaki wanagawana theluthi tatu za uwanja nyuma.

Hatua ya 4: Ficha

Anza na mabeki wawili wa nyuma katika umbali mmoja kutoka mstari. Beki wa tano asogee pale kotabeki anapoanza kuita mpira. Akisogea mapema, kotabeki anamwonyesha mkimbiaji kwa kidole na ukuta unageuzwa. Wafundishe kusoma saa inayohesabu sekunde za kuanzisha kila jaribio, maana ikikaribia sifuri kotabeki hana muda wa kubadilisha lolote.

Yanayoharibika

Mkimbiaji akihama kwenda kulia, senta kwa kawaida atageukia kushoto, moja kwa moja kwenye rundo lako. Blitzi iitwe kwa upande wa mkimbiaji, na lainibeka wa pili, anayebaki katikati, awe na neno moja la kuigeuza. Katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, redio ya kocha kwenda kwa mchezaji wa ulinzi hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa hiyo ya jaribio, hivyo marekebisho haya lazima yawe vichwani mwao.

Mkimbiaji akitoka nje kabisa kuwa mpokeaji wa tano, futa wito. Mpira utatoka haraka kuliko beki wa tano anavyoweza kufika, na kanda zako fupi 3 hazitoshi kwa wapokeaji 5.

Pasi ya skrini kwa mkimbiaji (pasi fupi, wavamizi wakiachwa wapite na wakingaji wakimtangulia) ndiyo hatari kubwa zaidi. Dalili yake ni ukuta kuwaachia wavamizi kirahisi mno. Lainibeka anayevamia akiona mkimbiaji hamgongi bali anapita pembeni yake, aache kotabeki na amshike huyo.

Fanyeni mazoezi kwanza kwa kutembea, wakingaji wakigeuka kulia mara tano na kushoto mara tano, hadi lainibeka aite mgeuko bila kumtazama kocha.