Kizibo cha soda kwenye meza ya vita

Ndugu zangu mnaocheza vita vya visanamu hapa Kigoma, yaani mchezo wa mezani wa kusogeza vikosi vya askari wadogo na kurusha dadu, hali ya kikosi (kimeshapiga au bado, kina majeruhi wangapi) isikae kwenye daftari. Ikae mezani, palepale kikosi kilipo, kila mtu aione.

Kizibo cha soda kinafaa kuliko chochote nilichojaribu, kwa sababu kina pande mbili. Meno yakiwa juu, kikosi kimeshapiga. Meno yakiwa chini, kiko tayari. Zamu ikiisha mtu mmoja anavigeuza vyote, basi. Majeruhi wahesabiwe kwa punje za mahindi, ziwekwe ndani ya kifuniko cha chupa ya maji nyuma ya kikosi. Kikosi kikisogea, kifuniko kinasukumwa nacho na punje hazimwagiki. Karatasi sishauri kabisa: mkicheza barazani, upepo wa ziwani unazipeperusha. Dadu nazo msizifanye alama, maana lazima mtu ataiokota airushe.

Kwa vita vya Ziwa Tanganyika vya 1915 na 1916, meli zinataka alama zaidi. Pakeni vizibo rangi ya kucha: nyekundu ni meli inayowaka moto, nyeusi ni iliyokufa injini, na nyeupe ni iliyotekwa. Hiyo nyeupe msiiache. Meli ya Wajerumani, Kingani, ilitekwa 26 Desemba 1915, Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi, na Februari 1916 ikashiriki kuizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Meli iliyotekwa isiondolewe mezani kama iliyozama.