Ukiandika mwongozo wa TuneD, bandika jibu la seva

TuneD ni programu ya Linux inayorekebisha mipangilio ya mfumo kwa kufuata profaili, yaani seti ya mipangilio iliyoandaliwa tayari. Usiamini faili la profaili peke yake. Niliwahi kuandika kwamba profaili ya throughput-performance inaweka vm.swappiness (mwelekeo wa Linux kuhamishia data ya kumbukumbu kwenye diski) kuwa 10. Mwenzangu akaendesha `sysctl vm.swappiness` kwenye seva yake, akaona 60! Kunakili sikukosea. Kwenye tuned-main.conf, faili la mipangilio ya TuneD yenyewe, reapply_sysctl ikiwa 1, thamani za /etc/sysctl.conf (faili la mipangilio ya mfumo wa seva) zinawekwa tena juu ya zile za TuneD.

Siku hizi naandika amri yenyewe, chini yake nabandika jibu lililotoka, pamoja na namba ya toleo la TuneD. Hiyo namba watu wanaidharau bure: profaili zilizokuwa /usr/lib/tuned, matoleo mapya yamezihamishia /usr/lib/tuned/profiles, na msomaji wa mwongozo wa zamani atazitafuta mpaka achoke.